Barua kwa mwanangu: Kioo hakimtazami mtoto

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ile tableti uliyomnunulia mjukuu wangu, yenye katuni za Kijaluo na Kiswahili, itamfundisha kusema, kwa kuwa nyinyi huko Nakuru mnashinda kazini. Haitamfundisha, mama.

Nilijifunza hilo kwako. Ulipokuwa na mwaka na nusu tulikaa Manyatta, redio ikilia Kiingereza kutwa, na hukuokota neno hata moja. Lakini nikienda zamu nilikuacha kwa jirani aliyekuwa akiuza samaki Kibuye. Yeye anaparua magamba juu ya karai, wewe umechuchumaa mbele yake. Ukinyoosha kidole anasimamisha kisu, anakutazama machoni, anasema, "Rech," yaani samaki kwa Kijaluo. Unanyoosha tena. "Rech." Jioni moja nakaanga samaki aina ya ngege, ukaja ukanivuta leso, ukaelekeza kidole kwenye kikaango: "Lech!" Nyumbani kwetu hakuna aliyesema Kijaluo. Nililia, nakwambia.

Miaka mingi baadaye nikasoma kuhusu mtafiti wa lugha ya watoto, Patricia Kuhl, na wenzake wa Seattle, Marekani. Mwaka 2003 walieleza walivyowachukua watoto wa miezi tisa, wa nyumba za Kiingereza, wakacheza na kusomewa na Wachina mara 12. Wakawa wanatofautisha sauti za Kichina sawa na watoto waliolelewa Taiwan. Wengine waliwekewa watu wale wale kwenye televisheni, wengine sauti tu. Hawa hawakupata kitu. Maneno yalikuwa yale yale, ila kioo cha televisheni au tableti hakimtazami mtoto, wala hakingoji anachotaka kuonyesha.

Kwa hiyo yule yaya wenu Mkalenjin, usimkataze kumsemesha lugha yake. Anambeba, anamlisha, anamchekea. Mtoto atayashika ya mtu huyo. Nawe ukirudi, hata umechoka, mwogeshe mwenyewe. Akisema "ba-ba", mjibu pale pale, umguse, usingoje aseme vizuri. Na akiwa hageuki ukimwita kwa nyuma, mpeleke kliniki wapime masikio, usikawie.

Simu ya video unayonipigia Jumapili siihesabu na katuni, maana pale akiniita naitika. Nipigie leo kabla hajalala. Nimenunua kuku wawili, na nataka anionyeshe mwenyewe kwa kidole yupi ni wake.

Mama yako,
Kisumu