Juzuu, toleo au jalada?

Swali: Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anayesaidia kupanga maktaba ya shule, anaandika: “Tumepewa vitabu 17 vikubwa vya ndege, vyote vya jina moja, kila kimoja kina namba yake mgongoni. Mwenzangu amebandika kwenye rafu karatasi iliyoandikwa ‘Matoleo 17’. Mimi nasema ni ‘majalada’, na ustadhi wetu anasema ni ‘juzuu’. Nani kati yetu amesema sawa? Na ile orodha ndefu ya majina iliyo mwishoni tuiiteje?”

Jibu: Ustadhi ndiye aliyesema sawa. Kila aliyepita chuoni utotoni analijua neno hili: Kurani ni kitabu kimoja chenye juzuu 30, na anayetaja juzuu ya nane hadhaniwi kwamba anazungumzia kitabu kingine. Hapo neno linataja sehemu ya matini, si kitu kilichojaladiwa peke yake, lakini wazo la sehemu inayohesabiwa ndani ya kazi moja ndilo lililolifanya lifae pia kwa vitabu vikubwa visivyoweza kubebwa ndani ya jalada moja. Majarida yetu ya kitaaluma nayo hulifupisha “Juz.” kabla ya namba.

“Toleo” ni jambo jingine, na kulichanganya na juzuu kunampoteza msomaji hasa. Kitabu kikichapishwa, kisha kikasahihishwa na kuchapishwa upya, hilo ni toleo la pili la maneno yaleyale yaliyorekebishwa, na mwenye toleo jipya kwa kawaida hana haja ya lile la zamani. Kwa maelezo yako naona mmepewa Handbook of the Birds of the World, kazi iliyotolewa na Lynx Edicions ya Barcelona kwa juzuu 16 kuanzia mwaka 1992 hadi 2011, pamoja na juzuu maalumu ya mwaka 2013. Mwanafunzi anayesoma “Matoleo 17” ana haki ya kuchukua la mwisho na kuyaacha mengine, akiamini kwamba limeyafuta, kumbe bundi wamo katika juzuu ya 5 na hawakurudiwa kwingine.

Wewe na “majalada” yako hamjakosea sana, ila jalada ni lile gamba la kitabu, na siku hizi ukilitaja neno hilo watu wengi hufikiria jalada la kesi mahakamani. “Buku” hukuligusa, na umefanya vyema, maana kijana wa leo akisikia “buku kumi na saba” atadhani unamdai shilingi 17,000.

Kuhusu upatanisho, utasikia “juzuu la tatu, majuzuu” na utasikia “juzuu ya tatu, juzuu nyingi”. Mimi hufuata ya pili, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea katika “juzuu thelathini”. Anayependa ya kwanza na aifuate, mradi karatasi moja isiwe na zote mbili.

Sasa ile orodha ya mwishoni. Hiyo ni faharasa, nayo si sawa na “yaliyomo”. Yaliyomo hukaa mwanzoni na hufuata mpangilio wa kitabu. Faharasa hukaa mwishoni na hufuata alfabeti. Ugumu uliopo ni kwamba vitabu vyetu vya fasihi mara nyingi huita “faharasa” ile orodha ya maneno magumu na maana zake, ambayo katika diwani kadhaa huitwa “sherehe”, jina ambalo kwa maoni yangu lingestahili kurudishwa ili faharasa ibaki na kazi yake moja.

Tofauti hii ina uzito zaidi katika vitabu vyenu kuliko katika kitabu cha kawaida. Ngamiani kwenu, mgeni akiambiwa barabara ya 13 huhesabu tu akafika. Juzuu hazipangwi hivyo, wala hazifuati alfabeti. Zinafuata uainishaji wa wanasayansi, kuanzia mbuni hadi bata katika juzuu ya 1, njiwa na kasuku katika ya 4, hondohondo katika ya 6, kunguru na shomoro katika ya 14. Namba ya mgongoni haimwambii lolote asiyejua undugu wa ndege. Ndiyo maana mahali pa kuanzia ni juzuu maalumu ya mwaka 2013, ambamo mna faharasa kuu ya juzuu zote. Anza na ya mwisho, kama mtoto wa chuoni anavyoanza na Juzuu Amma.

Mkitafuta, shikeni zaidi neno la pili la jina la kisayansi. Yule ndege mdogo aitwaye chozi wa Amani, anayepatikana Usambara Mashariki, Udzungwa na msitu wa Sokoke nchini Kenya, alipoelezwa mwaka 1935 aliitwa Anthreptes pallidigaster. Leo waainishaji wengi humwita Hedydipna pallidigaster. Jenasi, yaani lile neno la kwanza, ilihama, lakini “tumbo lililopauka”, ambayo ndiyo maana ya pallidigaster, halikuhama.

Kwenye karatasi ya rafu, basi, andikeni “Juzuu 17” juu, na chini ya kila namba ndege wa kwanza na wa mwisho: “Juzuu ya 1: Mbuni hadi Bata”. Mkitaka kuonyesha kwamba chozi wamo katika juzuu ya 13, waandikeni hivyohivyo, “chozi”, hata wakiwa wengi, kwa upatanisho wa viumbe: chozi huyu, chozi hawa. Mkiandika “machozi”, wanafunzi watauliza nani analia.