Saa Kumi na Moja Las Vegas Kabla ya Kurudi Nyumbani

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu ya safari, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Mwezi Julai mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 19 tutarejea nyumbani kutoka kwa binti yetu aliyeko Utah, Marekani. Tiketi tulizokatiwa zinatuteremsha Las Vegas saa tano asubuhi na ndege inayofuata inaondoka saa nne usiku. Hatuchezi kamari, na dini yetu imeikataza. Je, tushinde uwanjani, au mji huo una la heri la kutazamwa? Kijana naye anasema atajaribu bahati yake kwa dola 50 tu. Tumjibu nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nawashauri mtoke. Kwa kuwa mtakuwa mmesafiri ndani ya Marekani, hakuna ukaguzi wa pasipoti utakaowazuia mlangoni. Ila mnapokabidhi mizigo huko Utah, ulizeni kama itapelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, maana tiketi zikiwa zimekatwa mbalimbali mtalazimika kuipokea Las Vegas na kuhangaika nayo mchana kutwa.

Uwanja wa ndege uko jirani kabisa na Strip, barabara yenye hoteli kubwa za kamari, na teksi huwafikisha kwa dakika chache. Adui yenu wa kwanza atakuwa jua. Mji umejengwa katika jangwa la Mojave, na mwezi Julai joto hupita nyuzi 40 bila hata ule unyevu wa pwani yetu unaomkumbusha mtu kwamba anatoka jasho, kwa hiyo kunyweni maji kabla hamjasikia kiu. Tena majengo yale ni makubwa mno kiasi kwamba yaliyo mbali huonekana yako karibu. Barabara hiyo ina urefu wa takriban kilomita 7, na basi linalopita hapo litawafaa kuliko miguu.

Anzeni Flamingo, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1946, ambayo ina bustani ya bure yenye heroe. Hao ni wa jamii ya Amerika Kusini, lakini anayewajua wa Ziwa Natron atawatambua kwa mbali. Kisha vukeni barabara hadi Bellagio, mkaone ukumbi wa maua na chemchemi zinazorusha maji juu kwa kufuata muziki tangu mwaka 1998, navyo vyote havina kiingilio. Kama mngekuwa na gari na siku yenye ubaridi, ningewapeleka kwanza kwenye Bwawa la Hoover, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1935 na ambalo ziwa lake ndilo linalounywesha mji huu sehemu kubwa ya maji yake. Kwangu mimi ukuta ule wenye kimo cha mita 221 unapita onyesho lolote la Strip. Lakini Julai, kwa saa chache mlizo nazo, uacheni.

Jambo moja mlijue mapema: hoteli hizi zimepangwa ili anayekwenda mgahawani, msalani au kwenye bustani apite kwanza katikati ya mashine za kamari, mahali ambapo ni nadra kuona saa ukutani au dirisha. Hiyo ni kazi ya makusudi, kwa sababu mchezeshaji hupata faida kutokana na muda ambao mtu anakaa. Fuateni njia ya wapita njia, wala msisimame.

Sasa kijana. Sheria ya Nevada, jimbo lililohalalisha kamari mwaka 1931, inataka mchezaji awe na miaka 21, na aliye chini ya umri huo hata akishinda halipwi. Hata hivyo, naomba msimjibu kwa sheria peke yake, kwa kuwa miaka miwili itapita upesi, na hapa nyumbani vijana wanaweka mikeka kwenye simu kila siku. Mfanyieni hesabu, Mwalimu, kama mlivyozoea ubaoni. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina namba 1 hadi 36, pamoja na nafasi ya 0 na nafasi ya 00, jumla nafasi 38. Anayeweka dola moja katika kila nafasi ametoa dola 38, na gurudumu likisimama anarudishiwa 36. Dola mbili zimekwenda, ingawa ameshinda! Acheze mara moja au mara elfu, pengo hilo haliondoki, na katika baadhi ya meza wameongeza sifuri ya tatu. Nina uchungu na jambo hili kwa sababu nimeona ada za shule zikiliwa kwa tarakimu ndogo kama hizo, na aliyezila hakuwahi kuonyeshwa.

Saa moja jioni muwe mmerudi uwanjani. Mtakuta mashine zilezile hadi karibu na milango ya kupandia ndege, kwa hiyo tafuteni viti penye madirisha. Wakati huo jua litakuwa bado halijazama, na taa za Strip mtaziona zikiwaka mkiwa mmeketi.