Maswali yenu: uji wa mtoto, mboga chungu, ugali ya mzee na chai ya mjamzito

Mtoto wangu ana miezi nane. Jirani ameniambia nisage wimbi, mtama, soya, njugu, mchele na omena zote pamoja ndio apate nguvu. Ni sawa? (Mama, Nyalenda)

Hapana mama, usichanganye hivyo. Njugu na omena zina mafuta, ukishazisaga zikae kwa ndoo wiki tatu hayo mafuta yanaharibika, na njugu ikiwa na ukungu inabeba aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, na hiyo hata uchemshe uji namna gani haitoki. 2004 watu 125 walikufa, wengi wao huko Makueni na Kitui, juu ya mahindi yenye ukungu, kwa hivyo hii si hadithi ya kutisha watu. Soya mbichi nayo inasumbua tumbo la mtoto.

Peleka poshomili wimbi peke yake, imeoshwa ikakauka kabisa, kilo moja ama mbili basi. Usiku koroga unga kidogo na maji safi, funika, asubuhi utapata imeanza kuchachuka, pika mpaka iive vizuri. Huo uchachu unafungua madini ya chuma yaliyo kwa wimbi ndio mwili uyachukue. Omena weka kando. Ukienda soko la Kibuye chagua ile inang'aa kama fedha, ile imegeuka manjano na inanuka mafuta iache, sugua kidogo kwa kiganja usikie kama kuna mchanga. Nyumbani ioshe na maji moto, kausha kwa sufuria bila mafuta mpaka ukiifinya inavunjika kabisa, twanga, chekecha, tia kijiko kimoja uji ukichemka. Mtoto anakula omena na mifupa yake na hapo ndipo kalisiamu iko. Twanga ya siku mbili tatu tu.

Watoto hawali managu kwa sababu ni chungu, nachemsha namwaga maji mara mbili. Kuna shida? (Kakamega)

Dadangu, hayo maji ndio unamwaga vitamini C na foleti, ile vitamini ya kusaidia damu, watoto wanabaki na majani tu. Nyanya yangu hakuwa anamwaga kitu, alikuwa anachanganya managu na saga na terere, anapika na maji kidogo sana, alafu anatia maziwa kwa nyungu na kuacha ilale, kesho anapasha moto na ule uchungu umeisha. Kama huna nyungu sufuria inatosha, bora maziwa yawe mazuri na usiku uhifadhi mahali baridi. Anza na terere nyingi managu kidogo, ongeza polepole wakizoea. Na usiogope mafuta kijiko kimoja, vitamini A inahitaji mafuta ndio iingie mwilini.

Baba amepatikana na sukari. Tumeacha sembe nyeupe, sasa anakula ugali ya wimbi na muhogo lakini sukari haishuki. (Nakuru)

Pole sana kwa mzee. Hebu angalia sahani yake jioni hii, ugali ni kubwa kiasi gani? Wengi wakisikia ugali ya brauni ni dawa wanakula mlima, na muhogo ni wanga karibu yote, wimbi pia ni wanga hata kama ina nyuzinyuzi nzuri. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, yaani kama ngumi yake mwenyewe, robo samaki ama maharagwe. Chai asiweke sukari, na juisi ya maembe aache, ale embe lenyewe kipande. Dawa asiache hata siku moja, na hiyo sahani mkaizungumze na daktari wake.

Nina mimba ya miezi mitano, nimeambiwa damu iko chini. Nakula maharagwe kila siku na bado. (Kisumu)

Unakunywa chai na hayo maharagwe? Majani ya chai yanazuia chuma, yale madini ya kutengeneza damu, kuingia mwilini, kunywa saa moja ama mbili baada ya kula. Wakati wa kula tia ndimu kwa mboga ama kula chungwa papo hapo, na zile tembe za kliniki meza kila siku hata zikikuletea kichefuchefu, kikizidi rudi uwaambie.