Gundi ya magome ya miwati (miti ya jamii ya akasia) kwenye plaiwudi: kiwanda kidogo kinaweza?

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha plaiwudi Mafinga. Tunamenya milingoti na paini, na tunatumia gundi nyeupe ya yurea. Preshi ya kubania mbao ikifunguliwa vijana wanatokwa machozi, na juzi mteja mmoja wa Dar amerudisha mzigo uliobanduka baada ya kunyeshewa. Nasikia kuna gundi za mimea: muhogo, soya, magome ya miwati. Je, zinaweza kuchukua nafasi ya hii tunayotumia? Na kwa kuwa miwati imejaa Njombe, siwezi kuchemsha magome mwenyewe?

JIBU: Ndugu yangu, hayo machozi na huo mzigo uliorudishwa vina chanzo kimoja. Gundi yako imetengenezwa kwa yurea na fomaldehaidi, gesi ambayo ikiwa kwenye maji tunaiita fomalini, ile ya mochwari. Kiungo kinachoshikanisha hivyo viwili hakivumilii maji. Unyevu na joto hukivunja taratibu, na kila kinapovunjika gesi hutoka. Ubao unaowaliza vijana wako leo ndio utakaoachia tabaka ukilowa kesho.

Kabla ya habari za mimea, kuna jambo la wiki hii. Fomaldehaidi iliwekwa mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na walioiweka huko ni wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani. Weka feni kubwa ya kunyonya hewa juu ya preshi iitoe nje kabisa, wala si kuizungusha humo humo bandani. Mtake muuzaji wako akupe gundi ya daraja la E1, kiwango cha Ulaya cha mbao zinazotoa fomaldehaidi kidogo, na mbao zilizotoka kwenye preshi zipoe nje ya eneo wanalofanyia kazi watu. Vijana wasisubiri majaribio yetu ya gundi mpya ndipo wapumue.

Muhogo tuumalize haraka. Wanga hushika mbao vizuri zikiwa kavu, lakini maji yakifika unalegea. Kwa ubao utakaonyeshewa haufai kuwa gundi kuu. Unaweza kukusaidia kwa njia nyingine: kama unaongeza unga wa ngano kwenye gundi ya yurea ili iwe nzito na isizame kwenye vinia, yale matabaka membamba ya mbao, jaribu unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Hapo utapunguza gharama, ila usitegemee kwamba utaponya kubanduka.

Soya ni hadithi ya maana zaidi. Viwanda vya plaiwudi vya kaskazini-magharibi mwa Marekani vilitumia gundi ya soya tangu miaka ya 1920, mpaka gundi za viwandani zilipoipiku baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ilishindwa na maji. Ilirudi karne hii. Profesa Kaichang Li wa Chuo Kikuu cha Oregon State aliangalia jinsi kome wa baharini wanavyong'ang'ania mwamba huku mawimbi yakiwapiga, akatafuta namna ya kuipa protini ya soya tabia kama hiyo. Matokeo yake ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukichanganywa na resini ambayo viwanda vya karatasi huitumia ili karatasi isichanike ikilowa. Kampuni ya Columbia Forest Products ilianza kuitumia kwenye plaiwudi za fanicha bila fomaldehaidi, na mwaka 2007 kazi hiyo ikapewa tuzo ya kemia rafiki kwa mazingira nchini humo. Inafanya kazi kwenye joto ambalo preshi yako tayari inalo. Ubaya wake ni kwamba plaiwudi hiyo ni ya ndani ya nyumba, resini hiyo itabidi uiagize, na soya utaigombania na wafugaji wa kuku. Kwa kiwanda cha Mafinga, mimi singeanzia hapo.

Ningeanzia kwenye miwati.

Gome kavu la muwati lina tanini nyingi, ile kemikali ya asili inayotumika kutengenezea ngozi, karibu theluthi ya uzito wake au zaidi, na ndiyo maana kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949. Soko lake lilikuwa viwanda vya ngozi. Lakini tanini hii kimaumbile ni jamaa ya fenoli, kemikali ya viwandani, na gundi ya fenoli ndiyo inayoshikilia plaiwudi za nje duniani kote. Tofauti ni kwamba tanini huungana na kigumishi, yaani kemikali inayoigandisha gundi, haraka kuliko fenoli, na kiungo chake hakivunjwi na maji kama cha yurea. Afrika Kusini imekuwa ikitumia gundi ya tanini ya miwati viwandani tangu miaka ya 1970, na kazi za mkemia Antonio Pizzi za wakati huo bado ndizo zinazosomwa na kila anayeingia kwenye fani hii. Si jambo la maabara tu.

Sasa usikilize vizuri suala la kigumishi, kile ambacho mafundi wanakiita hadna, maana hapa ndipo watu wanapouziwa maneno. Gundi kuitwa ya mimea hakumaanishi kwamba haina fomaldehaidi. Ukiigandisha tanini kwa parafomaldehaidi, yaani fomaldehaidi ya unga, gesi umeirudisha kwa mlango wa nyuma, ingawa kwa kiasi kidogo. Njia safi zaidi ni heksamini, kigumishi kingine cha unga. Ukiipasha moto pamoja na tanini, vipande vyake hukamatwa na tanini kabla havijageuka kuwa gesi huru, na ubao unaotoka hutoa fomaldehaidi kidogo mno, karibu na ile ambayo mbao tupu hutoa zenyewe. Anza na heksamini ya asilimia 5 hadi 8 ya uzito wa tanini kavu. Myeyuko wa tanini uwe wa asilimia 45 hivi, yaani kilo 45 za unga kwa kilo 55 za maji, ukoroge taratibu kwenye maji ya uvuguvugu. Tumia chombo cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu. Ukikorogea kwenye pipa la chuma la kawaida, tanini itakula chuma na utapata uji mweusi kama wino ambao utachafua vinia zako.

Preshi ndiyo itakayokupa kazi. Gundi ya yurea unaibana kwenye nyuzi joto 105 hadi 115 hivi. Hii inataka 120 hadi 140. Boila inayosoma shinikizo la ba 3 kwenye geji ina mvuke wa nyuzi 140 na kidogo, kwa hiyo huenda hulazimiki kununua boila mpya, lakini mwite mkaguzi aithibitishe kabla hujaipandisha. Na kwa joto hilo vinia lazima ziwe kavu, unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Zikizidi hapo, mvuke utajifungia katikati ya ubao, na preshi ikifunguka utasikia ubao unapasuka na kuvimba tumbo.

Kuhusu kuchemsha magome mwenyewe: hapana, si kwa gundi. Ukichemsha gome, pamoja na tanini hutoka sukari na ulimbo. Ulimbo huifanya gundi iwe nzito isitandazike, sukari haishiki chochote, na kila pipa litatofautiana na la jana. Halafu maji ni mengi, na kuyakausha bila kuunguza tanini kunahitaji mitambo ya kuvukiza kwa ombwe. Nunua unga uliokwisha tengenezwa. Wauzaji wa kemikali za ngozi huuita mimosa, na mwingi hutoka Afrika Kusini na Brazili. Waambie wazi unataka wa gundi. Ule wa ngozi mara nyingi umetiwa salfaiti ili uyeyuke upesi, na salfaiti hiyo hiyo huufanya ubao upende maji.

Ukipata mbao za kwanza, usiziamini kwa macho. Kata vipande vidogo, vichemshe saa 4, vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 16 hadi 20, vichemshe tena saa 4, vipoe. Hicho ndicho kipimo cha Ulaya kwa plaiwudi ya nje. Kisha chomeka patasi kati ya tabaka ubandue. Nyuzi za mbao zikichanika na kubaki upande wa pili, gundi imeizidi mbao nguvu, umefaulu. Ukiona uso laini wa kahawia unaong'aa, gundi iliganda kabla preshi haijafunga, harakisha upakiaji. Ukiona mbao tupu iliyolowa rangi tu, gundi ilizama kwenye vinia kwa sababu ilikuwa nyepesi. Weka kipande cha gundi yako ya sasa kwenye sufuria hiyo hiyo uone kitakachotokea kwenye uchemshaji wa kwanza.

Rangi ya tanini ni kahawia iliyoiva na itaonekana pembeni mwa ubao, hivyo mafundi wa makabati wataikataa. Usianze nao. Peleka kwa wakandarasi wanaotaka mbao za kumwagia zege: hao wanajali ubao urudi mara ngapi kwenye saruji mbichi, na rangi ndiyo wanayoijali mwisho kabisa. Huko ndiko gundi ya yurea inakokuangusha. Na kama unawaza soko la Ulaya, kuanzia Agosti 2026 fanicha na bidhaa za mbao zinazouzwa huko haziruhusiwi kutoa fomaldehaidi zaidi ya miligramu 0.062 kwa mita ya ujazo ya hewa, nusu ya kiwango cha E1.

Heksamini haihifadhiwi ovyo: inashika moto kwa urahisi, na nchi nyingi zinaidhibiti kwa sababu hutumika pia kutengenezea vilipuzi. Kabla hujaagiza hata mfuko mmoja, nenda ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali uulizie usajili na kibali. Wakati unasubiri, pima unyevu wa vinia zako kila asubuhi na uandike, maana bila takwimu hizo hutajua jaribio la kwanza limeharibiwa na gundi au na vinia.