Liane de Pougy hakufia monasterini

Wapo wanaosema kwamba Liane de Pougy, mcheza dansi maarufu wa Ufaransa, alimalizia maisha yake akiwa amefungiwa monasterini. Hapana, hakufungiwa kwenye monasteri yoyote. Alijiunga na utawa wa tatu wa Wadominiko (shirika la kitawa la Kikatoliki), ule wa walei wanaofuata kanuni huku wakiishi nje, akafariki Lausanne, Uswisi, Desemba 1950 akiwa na miaka 81. Hata jina lake la kitawa, Sista Anne-Marie, halikuwa geni kwake, kwani alizaliwa Anne-Marie Chassaigne.

Maisha yake ya kabla ya hapo nayajua kutoka madaftari yake ya 1919 hadi 1941, yaliyochapishwa 1977. Humo si yule mcheza dansi wa Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, tena. Ni mke wa mwanamfalme Ghika wa Rumania, mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, rubani Marc Pourpe, vitani 1914 (huyo aliyeruka kutoka Misri hadi Khartoum mwanzoni mwa mwaka huohuo), na mchangishaji wa fedha kwa watoto wenye ulemavu karibu na Grenoble.

Ila kile kisa cha kumkomesha mpinzani wake, mcheza dansi Otero, kwa kuingia na gauni jeupe lisilo na pambo lolote, vito vyote kavaa mjakazi nyuma yake, kichukulieni kama hadithi. Kila mtu anakisimulia kivyake.