Rungu la mahandaki: tazama msumari unapoingia kwenye mti

SWALI: Katika duka moja la vitu vya kale nimeonyeshwa rungu la mbao lenye misumari kichwani. Muuzaji anasema ni la mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na ananishauri nilipige msasa ling'ae. Nitajuaje kama ni la kweli? – Msomaji, London

JIBU: Tafadhali, msasa uweke mbali. Ushahidi unaoutafuta umo kwenye huo weusi na kutu.

Marungu haya yalitumika miaka ya 1914–1918 katika mashambulizi ya usiku, askari walipoingia kwenye handaki la adui na hawakutaka mlio wa bunduki. Mafundi wa jeshi waliyatengeneza nyuma ya mstari wa mbele kwa mbao, madini ya risasi na misumari ya buti. Mengine askari waliyachonga wenyewe. Kwa hiyo umbo peke yake halithibitishi kitu. Aina moja ya Kiingereza inatambulika upesi: kichwa cha chuma chenye meno, kilichovikwa kwenye mpini wa sururu ndogo ya askari.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utazame shina la kila msumari. Kama mti ni mwaloni, tanini yake (kemikali ya asili iliyomo kwenye mti) hukutana na chuma na unyevu, ikaacha doa la bluu-nyeusi linalofuata nyuzi za mti hadi ndani. Rangi iliyopakwa hubaki juu tu, ikajikusanya kwenye mikwaruzo. Ukiona nyuzi nyeupe zilizopasuka kuzunguka msumari wenye kutu, huo umepigiliwa juzi kwenye mti mzee. Hivyo ndivyo kirungu cha polisi au rungu la Kimasai linavyogeuzwa "la vita". Tazama pia tundu la kamba ya mkononi: la kweli limelika zaidi upande kamba ilikovutia. Skrubu ya kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na baadaye; huenda ni matengenezo tu, lakini bei ishuke.

Ukilinunua, futa vumbi kwa brashi laini, basi. Mafuta ya kitani huufanya mti uwe mweusi na hushika vumbi. Unga mpya ukidondoka kwenye matundu, kuna wadudu hai: lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uligandishe kwa nyuzi -18 wiki 2, kisha usiufungue mfuko mpaka lipate joto la chumbani, vinginevyo maji yatatanda kwenye chuma.

Na siku ya kulipeleka nyumbani, lifunge vizuri na risiti iwe mkononi, kwani sheria ya Uingereza inakataza kubeba silaha hadharani bila sababu ya msingi.