Baba hakutuambia kwamba alifundisha kijiji kusoma

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo. Baba yetu alifariki dunia miezi miwili iliyopita huko kwetu Kwimba, akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Sisi watoto tulimjua kuwa mkulima wa pamba na mtu wa maneno machache. Siku ya kuanua matanga, akina mama wazee ambao wengine sikuwahi kuwaona walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba baba ndiye aliyewafundisha kusoma. Mmoja wao alifungua fundo la kanga, akatoa stakabadhi ya zamani ya mauzo ya pamba iliyochakaa kwenye mikunjo, akatuonyesha jina lake aliloliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, mahali ambapo mwanzoni alikuwa akiweka dole gumba. Tangu siku hiyo nalia kuliko nilivyolia mazishini, kwa maana naona nimemzika mtu nisiyemjua. Kwa nini hakutuambia? Baba zangu wadogo wanachangisha fedha za kujengea kaburi kwa marumaru, lakini moyo wangu haupo huko. Nifanye nini?

Binti wa marehemu, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kilio hiki cha pili hakikushangazi wewe peke yako. Wafiwa wengi hukipata pale wageni wanapoleta habari za marehemu ambazo nyumbani hazikuwahi kusemwa.

Kuhusu ukimya wake, ninaomba umtazame baba yako katika wakati wake. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mwanza ikiwemo, ilikuwa tayari katika mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, ambamo watu walijifunza kusoma kupitia kazi zao wenyewe, kilimo cha pamba kikiwa mojawapo. Walimu waliokuwapo hawakutosha hata kidogo, kwa hiyo vijana waliomaliza shule ya msingi waliombwa kujitolea, wakafundisha madarasa ya ngumbaru jioni, baada ya jembe, mara nyingi chini ya mti. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulikuta wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39 hivi. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya watu wa aina ya baba yako, na nadhani wengi wao hawakuona kuwa ni jambo la kusimulia watoto, kama ambavyo mtu hasimulii kwamba alikwenda kumsaidia jirani kupalilia.

Isitoshe, zingatia nani walikuwa wanafunzi wake. Walikuwa mama wa watu, wengine wakubwa kwake kwa umri, waliokuwa wakiona haya kushika kalamu. Mama asiyesoma alipofika kwenye mizani ya pamba alimtegemea karani kwa kila kitu, na aliyemtoa katika hali hiyo alijua siri ya unyonge wake. Kwa maoni yangu, kunyamaza kwake kulikuwa heshima kwao. Sasa wamesema wenyewe, na hiyo ni haki yao.

Kaburi waachie baba zako wadogo. Nao wanaomboleza kwa njia yao, wala usigombane nao. Wewe rudi Kwimba mapema, kwa sababu wazee hao nao umri umekwenda. Anza na yule mwenye stakabadhi. Kaa naye, muulize walikutana wapi, ubao ulitoka wapi, nani alimkataza kwenda, alisoma nini siku ya kwanza alipoweza. Andika kwa maneno yake, kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha anayoielezea vizuri, na upige picha ile stakabadhi lakini usiichukue. Omba ruhusa kabla ya kumtaja mtu yeyote, maana wapo ambao wajukuu wao hawajui kwamba bibi aliwahi kutokujua kusoma.

Utalia tena ukiwasikiliza, na hilo lisikuzuie. Mchukue na mdogo wako mmoja, ili usiyabebe hayo yote peke yako.